Usisaini weiva kabla hela haijaingia

Nyie mnaopiga rangi au kufunga tailsi kule California, mkiletewa weiva, ile karatasi ya kuachia lieni, yaani haki ya kuiwekea zuio nyumba ya mteja hadi ulipwe, someni kichwa cha fomu kwanza. Sheria inatambua fomu 4 tu. Ikiandikwa "Conditional", yaani yenye sharti, we saini, haina nguvu mpaka cheki ipite benki. "Unconditional", isiyo na sharti, subiri, ukishasaini imekubana hata kama hujapata senti, na fomu yenyewe imesema hivyo juu kabisa ila nani anasoma. Bosi akikuambia ni utaratibu tu, sawa, hela kwanza. Kwenye malipo ya awamu angalia na ile "Through Date", yaani tarehe ambayo fomu inafikia, isipite kazi inayolipiwa.