Namna ya Kufuata Njia za Ukoma kwa Vinasaba vya Bakteria Wake

Usijaribu kuotesha Mycobacterium leprae, bakteria wa ukoma, kwenye sahani ya maabara, haoti. Mimi huanza na kipande kidogo cha ngozi ya mgonjwa aliyeridhia. Kwanza thibitisha kwamba bakteria yumo: fanya PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane) ukilenga RLEP, kipande kinachojirudia zaidi ya mara 30 katika jenomu yake, yaani DNA yake yote.

Kisha soma nafasi 3 za DNA zilizotangazwa mwaka 2005. Jenomu ina herufi takriban milioni 3.27, na bakteria wa India na wa Brazili wanakaribia kufanana kabisa, kwa hiyo kila herufi iliyobadilika ina thamani kubwa. Nafasi hizo hugawa ukoma katika aina 4. Aina ya 1 hupatikana zaidi Asia na Afrika Mashariki, ya 3 Ulaya, Afrika Kaskazini na Amerika. Ya 4 iko Afrika Magharibi na Karibi, na hapo mimi hunyamaza kidogo: waliosafirishwa kwa minyororo kuvuka Atlantiki walibebeshwa na ugonjwa.

Andika mahali mgonjwa alipozaliwa na kote alikoishi, si anuani ya leo tu, maana ukoma huweza kujificha mwilini hata miaka 20. Jina lake lisiingie kwenye ramani.

Sampuli ya Komoro au Madagaska ikitoka aina ya 1, usiishie hapo. Soma jenomu nzima, kwa sababu visiwa hivyo vina tawi lao ndani ya 1D, kigawanyo kimoja cha aina ya 1.