Umebadilisha kadi ya mtandao, Windows inakataa anwani ya zamani

Kadi mpya imeshachomekwa na dereva yake imeingia. Unaandika anwani ya IP ileile, tuseme 192.168.1.20, na Windows inasema imeshapewa kadi nyingine. Ipi tena, na umebaki na moja? Ni ileile uliyoing'oa. Mipangilio ya kila kadi hukaa kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, na kuing'oa kadi hakuifuti. Anayepewa anwani na ruta kwa DHCP, yaani moja kwa moja, haoni ujumbe huu. Huwapata wanaoipanga kwa mkono.

Matoleo ya karibuni huuliza kama yaiondoe mipangilio ya kadi isiyokuwepo. Jibu Yes, na mara nyingi kazi imekwisha.

Ikigoma, fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, kisha andika amri hizi moja baada ya nyingine:

set devmgr_show_nonpresent_devices=1
devmgmt.msc

Zote mbili ziandikwe kwenye dirisha hilohilo, maana ukilifunga, amri ya kwanza inapotea. Bonyeza View, halafu Show hidden devices, ufungue Network adapters. Kadi iliyotoka itaonekana kwa rangi iliyofifia. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia, chagua Uninstall. Kama kadi mpya ni ya aina ileile, usiweke alama ya kufuta dereva, kwani na yenyewe inaitumia. Majina ya WAN Miniport yaache kabisa, hayo ni ya Windows yenyewe. Washa kompyuta upya, andika anwani, subnet mask 255.255.255.0, gateway (anwani ya ruta) na DNS (seva inayotafsiri majina ya tovuti).

Ujumbe ukisema kuna mgongano kwenye mtandao, hapo mhusika ni kifaa kingine. Huenda kompyuta ilipokuwa imezimwa ikisubiri kadi, ruta ilimpa mwenye simu anwani hiyo. Chomoa kebo yako, nenda kompyuta nyingine, fungua Command Prompt, andika ping 192.168.1.20 (huuliza kama kuna kifaa kwenye anwani hiyo) kisha arp -a (huorodhesha vifaa vilivyoonekana). Ping isipojibiwa usiridhike, kuna vifaa vinavyoizuia. Anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, ikitokea mbele ya 192.168.1.20, basi anwani hiyo inatumika. Tarakimu sita za mwanzo za MAC mara nyingi hutaja mtengenezaji, hivyo utajua kama ni printa au kamera. Dawa ya kudumu ni kuchagua anwani iliyo nje ya zile ruta inazogawa.

Kama ruta ilikuwa imeitengea kompyuta anwani, ilitumia MAC ya kadi ya zamani. Chukua MAC ya kadi mpya kwa amri ya ipconfig /all, uibadilishe kwenye mipangilio ya ruta.