Somo: Kuwahisha kifurushi chako katika Debian 14 kabla ya mgando

Kila Debian, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, inapokaribia mgando, yaani kufungia milango mabadiliko kabla ya toleo kutoka, napokea ujumbe uleule: "Nimepakia toleo jipya, mbona halimo?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo najibu hapa, na atakayeuliza tena ataelekezwa huku bila salamu.

Hatua ya 1. Ijue njia: kifurushi, yaani programu iliyofungashwa kwa Debian, huingia sid, hifadhi ya vitu vipya, kikikaa salama huhamia testing, hifadhi ya toleo linaloandaliwa, na testing ndiyo inayogeuka kuwa toleo thabiti.

Hatua ya 2. Soma ratiba ya timu ya matoleo. Debian 13, yaani trixie, iligandishwa kwa awamu: tarehe 15 Machi 2025 yalizuiwa mabadiliko makubwa ya maktaba na vikusanyaji, 15 Aprili (mgando mwepesi) vikazuiwa vifurushi vipya, 17 Mei (mgando mkali) vifurushi muhimu vikaanza kuhitaji kibali cha timu hiyo, na 27 Julai vyote vikakihitaji. Toleo likatoka 9 Agosti. Jiandae kwa mpangilio wa namna hiyo katika Debian 14, inayoitwa forky.

Hatua ya 3. Kama kifurushi chako ni maktaba inayolazimisha vingine vijengwe upya, omba zamu kwa timu ya matoleo mapema.

Hatua ya 4. Pakia sid, usubiri; kwa kawaida ni siku 5, ikiwa hakijaleta hitilafu mpya nzito.

Hatua ya 5. Mgando ukishaanza, toleo jipya hupelekwa experimental, hifadhi ya kando ya majaribio, si sid. Hapa ndipo nilipoumia mwaka 2023, wakati bookworm, yaani Debian 12, ilipokuwa katika mgando mkali. Testing ilikuwa na 1.4 ya programu ndogo ninayoitunza, waandishi wake wakatoa 2.0, nami kwa pupa nikamwomba mdhamini wangu, mwenye haki ya kupakia, aipakie sid, nikijiambia kwamba testing imefungwa na kwa hiyo hakuna litakaloharibika. Wiki moja baadaye mtumiaji akaripoti kwamba 1.4 inafuta faili ya mipangilio kila inaposakinishwa upya, hitilafu ya daraja la kuzuia toleo zima. Kiraka chake kilikuwa mistari mitatu. Lakini njia ya kwenda testing hupita sid, na sid ilikuwa imekaliwa na 2.0 yenye mabadiliko ambayo timu ya matoleo isingeyakubali hata kwa kubembelezwa. Nikalazimika kupakia 1.4 ileile, imetiwa kiraka na kuvishwa jina la 2.0+really1.4-1. Jina hilo bado limo katika historia ya kifurushi, na wenzangu hawaachi kunikumbusha.

Kwa hiyo, tangu mgando uanze, usiweke sid kitu ambacho hutaki kiingie katika toleo. Wala usitegemee mlango wa pembeni wa testing-proposed-updates: upo, lakini kinachopita humo hakijajaribiwa na watumiaji wa sid, na timu huukubali kwa shingo upande.

Hatua ya 6. Omba kibali kwa reportbug, programu ya kuripoti hitilafu, ukiambatisha debdiff (orodha ya tofauti kati ya matoleo mawili ya kifurushi) na sababu iliyoandikwa kwa sentensi kamili.

MASWALI

FundiMwanza: Forky inatoka lini? Nahitaji tarehe.

Jibu: Itakapokuwa tayari. Bookworm ilitoka 10 Juni 2023, trixie 9 Agosti 2025. Kadiria mwenyewe.

Mtangazuri: Nimefuata hatua zote na kifurushi hakihami. Somo lako halifanyi kazi.

Jibu: Hukutaja jina la kifurushi, na ni dhahiri hukufungua ukurasa wake katika tracker.debian.org, ambako sababu ya kukwama huandikwa. Somo ni zima.

Mtangazuri: Nimeufungua. Kumbe kinategemea kifurushi kingine kilichoondolewa testing.

Jibu: Basi mpelekee kiraka anayekitunza, na uwahi kabla ya mgando mwepesi, kwa kuwa kilichoondolewa hakiruhusiwi kurudi baada ya hapo.

BiZuhura: Samahani mwalimu, kwa nini hukuirudisha 1.4 kwa namba yake halisi? Hilo jina refu lina kazi gani?

Jibu: Ahsante, dada, kwa kusoma hadi huko. Kwa kawaida apt, programu ya kusakinisha vifurushi, hupandisha tu, haishushi. Mashine iliyokwisha kupokea 2.0-1 ingeipuuza 1.4-2, na hifadhi yenyewe ingeikataa. Jaribu amri hii: dpkg --compare-versions 1.4-2 gt 2.0-1 && echo ndiyo. Itakaa kimya. Weka 2.0+really1.4-1 mahali pa 1.4-2, nayo itakujibu "ndiyo". Ipo njia nyingine, ya kutanguliza namba na nukta pacha, kama 1:1.4-2, ambayo hushinda zote. Lakini ukishaiweka haitoki tena, ilhali "really" huondoka siku 2.1 inapofika. Ndiyo maana nilichagua aibu ya muda.

MwalimuKombo: Nje kidogo ya mada: kompyuta zetu 15 za shule ni za i386 (biti 32), na trixie haina kisakinishi chake.

Jibu: Ni kweli, haina kisakinishi wala kernel ya i386. Lakini kabla ya kukata tamaa, endesha lscpu na usome mstari wa "CPU op-mode(s)". Mashine nyingi za namna hiyo zina kichakata cha biti 64 kilichowekewa mfumo wa biti 32.

MwalimuKombo: Mashine 12 zinaonyesha 64-bit!

Jibu: Hizo zihifadhie data, kisha uzisakinishe upya kwa amd64, yaani Debian ya biti 64, usijaribu kuzipandisha juu kwa juu. Tatu zilizobaki ziache na bookworm.