Kabla ya kuchora kisima, nenda kisimani

Wewe unayesoma uhandisi hapa Dodoma na una mradi wa kisima cha kijiji: kabla hujafungua kompyuta, kakae asubuhi moja pale wanapochota maji. Waulize kina mama pampu ikiharibika nani anaitengeneza. Mimi niliwahi kuchora pampu safi kabisa, mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, spea zake Kibaigwa zipo?" Nikabaki nakuna kichwa.

Maji nayo usiishie kuyaonja. Chumvi ulimi utaitambua, floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, hapana. Peleka sampuli maabara. Kikomo cha floraidi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi hapo, andika hivyo hivyo kwenye ripoti, hata kama mchoro wako wote utaanza upya.