Maelezo ya zana kwa wakala wa akili mnemba: anza na kigezo cha saa

Wiki iliyopita nilikaa na kijana mmoja anayetengeneza wakala wa kukatia watu tiketi za mabasi. Abiria akiandika "nataka gari la Mbeya kesho saa kumi na mbili asubuhi", wakala anajibu hakuna gari. Magari yalikuwepo, tena matatu. Hifadhidata ilikuwa nzima, modeli (akili mnemba yenyewe inayosoma na kujibu) nayo nzuri. Ubovu ulikuwa kwenye maelezo ya zana. Zana ni kazi ya programu yako ambayo modeli inaweza kuiita, kama kutafuta safari; maelezo yake huiambia modeli inafanya nini na itumiwe lini.

Nachukulia zana yako inafanya kazi ukiiita mwenyewe, na JSON, muundo wa kuandika data ambao zana huelezwa kwao, unaijua.

Hatua ya 1: Jina

Kitenzi na kitu chake: tafuta_safari, kata_tiketi, futa_tiketi. Usitengeneze zana moja iitwayo "tiketi" yenye kigezo (taarifa ambayo modeli huijaza inapoita zana) cha "kitendo". Zana ya kutazama tu na zana inayogusa hela ya mtu zisichangie jina.

Hatua ya 2: Maelezo

Modeli haioni msimbo wako. Inaona jina, maelezo na vigezo, basi. Andika kama unayemwachia dirisha la tiketi karani wa siku ya kwanza. Maelezo ya kijana yalisema "Inatafuta safari." Tukaandika:

> Hutafuta mabasi yenye nafasi kati ya miji miwili kwa tarehe moja. Itumie kabla ya kata_tiketi, kwani ndiyo inayotoa namba ya safari. Haishiki kiti. Orodha tupu maana yake hakuna basi lenye nafasi. Ikirudisha neno KOSA, mtandao umekwama: usimwambie abiria kwamba mabasi yamejaa.

Sentensi ya mwisho usiiache. Bila hiyo modeli hugeuza hitilafu kuwa jibu, na mtu anaahirisha safari bure.

Hatua ya 3: Kigezo cha saa

Hapa ndipo jioni yetu nzima ilipoishia. Maelezo yalikuwa "saa ya kuondoka", na modeli nyingi zimelishwa Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi ikawa 12:00. Tukaongeza "tumia mfumo wa saa 24". Ikaandika 12:00 ileile, maana hata hiyo ni saa halali ya mfumo huo. Tukasema "ongeza saa sita". Saa mbili asubuhi ikatoka 08:00, sawa. Saa mbili usiku nayo ikatoka 08:00. Na aliyeandika 08:00 kama anavyoiona kwenye simu yake akapewa magari ya 14:00.

Kanuni haikutosha. Mifano ndiyo iliyotutoa:

> Saa ya Afrika Mashariki, mfano 06:00. Abiria akitaja "saa" kwa maneno au tarakimu, ni saa ya Kiswahili: saa 12 asubuhi = 06:00; saa sita mchana = 12:00; saa mbili usiku = 20:00; saa tisa usiku = 03:00. Akiandika kwa nukta pacha, iache ilivyo. Asipotaja wakati wa siku, au vikigongana kama "12:00 asubuhi", muulize. Usikisie.

Mifano iwe kwa maneno ya abiria hata kama maelezo mengine umeyaandika kwa Kiingereza. Hapo mimi sibadiliki.

Tarehe inafuata mkumbo huohuo. Basi la saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi ni la Jumamosi kwa kalenda, lakini wengi watakwambia "Ijumaa usiku". Kwenye kigezo cha tarehe tuliagiza wakala amuulize abiria "ni usiku wa kuamkia Jumamosi?" kabla ya kutafuta. Na "kesho" modeli haiijui mpaka uipe tarehe ya leo. Seva ya kijana ilihesabu kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa 3, hivyo aliyeandika saa saba usiku alihesabiwa tarehe ya jana. Ipe tarehe ya Dar es Salaam, pamoja na jina la siku.

Hatua ya 4: Jaribu

Chukua sentensi ishirini za abiria halisi, pamoja na makosa yao ya tahajia, uondoe majina na namba za simu. Kila ukigusa neno moja la maelezo, zirudie zote. Kwetu ya mwisho kukubali ilikuwa "gari la alfajiri": wakala alikuwa anajichagulia 05:00. Sasa anaorodhesha yote yanayoondoka kabla ya 06:30, kisha abiria anachagua.