Biskuti za njugu katika joto la Kisumu

Niliishi Nakuru kwa miaka mingi, mahali ambapo asubuhi za Julai siagi huwa ngumu kiasi cha kurarua mkate, nami nikadhani kwamba kazi ya kuoka biskuti nimekwisha kuimudu. Nilipohamia Kisumu nilikuja na vipimo vilevile, oveni ileile ndogo ya umeme na daftari lilelile lenye madoa ya mafuta, nikaoka siku ya kwanza saa nane mchana. Nilipofungua mlango wa oveni nilikuta biskuti ishirini zimeyeyuka na kushikana, zimekuwa bamba moja lililojaa trei nzima. Mtoto wa jirani, aliyekuwa akisubiri kuonja, alilitazama lile bamba, kisha akauliza kwa adabu: "Mama, hii ni biskuti moja ama ni nyingi?"

Kilichobadilika ni joto tu. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu takriban mita 1,130, ambapo mchana hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi. Siagi huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35, kwa hiyo donge langu lilikuwa limekaribia kuwa mafuta matupu hata kabla ya kuingia motoni, na liliposhikwa na joto la oveni lilitiririka kabla unga haujapata nafasi ya kukauka na kushika umbo. Ndiyo sababu maelezo yafuatayo yatarudia jambo moja hadi uchoke: mafuta yakae baridi.

Biskuti ninazozipenda ni za siagi na njugu, na vipimo vyake havihitaji kuandikwa popote. Kwa uzani, sukari ni sehemu moja, siagi sehemu mbili na unga sehemu tatu, ambao ni uwiano wa kale wa biskuti za Uskoti. Hakuna yai, hakuna maziwa, wala hakuna hamira. Chukua gramu 300 za unga wa ngano, gramu 200 za siagi, gramu 100 za sukari, gramu 80 za njugu na nusu kijiko cha chai cha chumvi, nawe utapata biskuti hamsini hivi au zaidi. Asiye na mizani atumie vikombe viwili na theluthi moja vya unga na nusu kikombe cha sukari. Siagi ya pakiti ya gramu 250 aikate sehemu tano zilizo sawa, atumie nne.

Hapa kwetu neno siagi hutumiwa hata kwa majarini, na si vibaya, mradi uchague ile ngumu ya kuokea. Ile laini ya kopo, iliyotengenezwa ili ipakwe mkateni ikiwa imetoka tu kwenye friji, ina maji mengi zaidi na italainika mikononi mwako. Unga uwe ule wa kawaida wa chapati. Usitumie ule unaojiumua wenyewe, kwa maana biskuti zitafura na kupoteza kingo zake. Sukari ya dukani ina chembe kubwa, kwa hiyo isage kidogo kwenye blenda au uitwange kinuni.

Njugu ndizo zinazostahili muda wako. Mimi huzinunua mbichi katika soko la Kibuye, kwa kuwa zile zilizokaangwa na kutiwa chumvi huwa zimekwisha kupoteza harufu yake. Zikaange katika sufuria kavu juu ya moto mdogo, ukizigeuza bila kuacha, mpaka uanze kusikia vimlio vidogo vya maganda yakipasuka. Hapo toa moja uipasue katikati: ikiwa ndani bado ni nyeupe, endelea; ikiwa imepata rangi ya chai yenye maziwa mengi, epua mara moja, kwa sababu njugu huendelea kuiva kwa joto lake yenyewe hata baada ya kutolewa motoni. Zifikiche katika kitambaa, uzipepete nje kwenye ungo, kisha uziache zipoe kabisa. Njugu yenye joto ikitwangwa hutoa mafuta na kuwa uji mzito, tena huyeyusha siagi uliyojitahidi kuipoza. Zitwange ziwe chenga tu. Ladha yake ni katika kukutana nazo jinoni.

Changanya unga, sukari na chumvi, kisha tia siagi iliyokatwa vipande vidogo. Ifikiche kwa ncha za vidole, si kwa viganja, maana viganja vina joto zaidi, mpaka mchanganyiko ufanane na unga wa mahindi uliosagwa kwa chenga kubwa. Tia njugu, halafu ukusanye kila kitu kwa kukibana mpaka kishikane. Hapa ndipo wapishi hodari wa chapati hukosea. Chapati hukandwa kwa nguvu ili gluteni, ile protini ya ngano, ijinyooshe na kuvutika, lakini biskuti ikikandwa hivyo huwa ngumu kama kigae. Donge likishikana, basi, mikono itoke.

Livingirishe liwe gogo lenye upana wa sentimita tano hivi, ulifunge kwa karatasi ya nailoni na kuliweka kwenye friji kwa saa moja. Nyumba isiyo na friji haikosi njia: oka alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya Nyando, na uliweke gogo ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa kibichi mahali penye upepo. Kisha likate vipande vyenye unene wa nusu sentimita kwa kisu kikali, uvipange kwenye trei ukiacha nafasi ya kidole kati ya kimoja na kingine.

Oveni iwe na nyuzi 170, nazo biskuti zikae dakika 15 hadi 18. Geuza trei baada ya dakika kumi, kwa sababu oveni nyingi ndogo huunguza upande wa nyuma. Tazama kingo: zikianza kuwa za rangi ya dhahabu huku katikati kungali kweupe, zimeiva. Zitakuwa laini ukizigusa, nawe utashawishika kuzirudisha. Usizirudishe. Ziache juu ya trei dakika kumi, zitakauka zenyewe.

Mwenye jiko la makaa aweke mchanga safi na mkavu, kina cha vidole viwili, katika sufuria kubwa, juu yake apange vijiwe vitatu vya kushikilia sahani ya bati, kisha afunike kwa mfuniko bapa na kuupasha moto kwa robo saa. Makaa machache yawe chini na mengi yawe juu ya mfuniko, la sivyo biskuti zitaungua tumbo kabla ya kuiva uso. Ili kupima joto, nyunyiza unga kidogo kwenye sahani: ukigeuka rangi ya dhahabu kwa dakika tano hivi, panga biskuti zako, ukiwa mweusi, punguza makaa. Kazi hii ifanyiwe uani, kwa maana gesi ya makaa huua katika chumba kilichofungwa.

Ukipenda ladha ya nankhatai, biskuti ambazo Wahindi walikuja nazo na ambazo hazikosi katika maduka yao ya vitamutamu mjini, badilisha siagi kwa samli iliyoganda, uache njugu na kutia kijiko kimoja cha chai cha iliki iliyotwangwa. Samli haina maji, kwa hiyo punguza gramu 30 hivi, na utarajie biskuti inayosagika mdomoni kwa urahisi zaidi.

Hewa ya ziwani ina unyevu, na biskuti iliyoachwa wazi usiku mmoja hulainika. Zitie katika mkebe wenye mfuniko wa kubana zikiwa zimepoa kabisa. Zikilainika, dakika tano za oveni huzirudishia ukavu wake.

Kuna jambo moja tu ambalo biskuti hizi hazitakufanyia, nalo ni kuchovywa katika chai, kwa kuwa hukatika na kuzama. Kwa kuchovya mimi bado hununua Marie, ile biskuti ya kawaida kabisa iliyookwa mara ya kwanza London mwaka 1874 na kiwanda cha Peek Freans kwa ajili ya harusi ya binti wa mfalme wa Urusi, nami huiweka katika mkebe wake wa pembeni ili isichukue harufu ya njugu.