Kujenga Nyumba ya Mawe ya Cotswolds kwa Matofali ya Kuchezea

Mtu anayetaka kujenga modeli ya nyumba ya mashambani ya Uingereza kwa matofali ya LEGO kwa kawaida huanza na kuta, na akishafika juu ndipo anapotafuta paa la kuzifunika. Ninashauri kinyume chake. Paa lipangwe kwanza, kwa sababu katika nyumba hizi paa huchukua zaidi ya nusu ya kimo chote, na mwinuko wake ndio unaoamua upana wa nyumba na mahali pa madirisha. Mfano mzuri wa kuiga ni nyumba za Arlington Row katika kijiji cha Bibury, Gloucestershire, kwenye eneo la vilima la Cotswolds, ambazo zilijengwa katika karne ya 14 zikiwa ghala la sufu na kugeuzwa kuwa makazi ya wafumaji katika karne ya 17. Kuta zake ni za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, na paa limeezekwa kwa vipande bapa vya mawe, vizito sana, kwa mwinuko mkali ili maji ya mvua yashuke upesi.

Tuanze na vipimo. Kutoka kinundu kimoja cha tofali (kile kidutu cha juu kinachoshika tofali jingine) hadi kingine ni mm 8, kimo cha tofali ni mm 9.6, na kimo cha kibamba, yaani kile kipande chembamba, ni mm 3.2, hivyo vibamba 3 hulingana na tofali 1. Mwanasesere wa LEGO ana kimo cha takriban sm 4. Tukimchukulia kuwa mtu wa sm 170, skeli yetu itakuwa karibu 1:42. Nyumba yenye kina cha mita 5.4 na urefu wa mita 8 itahitaji basi vinundu 16 kwa 24, na itakaa vizuri juu ya bamba la msingi la vinundu 32 kwa 32 huku ikiacha nafasi ya bustani. Nimechagua 16 kwa makusudi, maana nusu yake ni 8, na tofali la mteremko la kawaida huingia ndani kinundu 1 kila linapopanda kozi 1, yaani safu moja ya matofali. Kwa hiyo ukuta wa pembetatu wa ubavuni utapanda kozi 8, ya kwanza ikiwa na vinundu 16, inayofuata 14, hadi kozi ya mwisho yenye vinundu 2, na mwinuko wake kwa jumla utakuwa nyuzi 50 hivi, ambao unafaa kabisa kwa nyumba ya aina hii. Kimo cha paa kitakuwa sm 7.7. Chini yake weka ukuta wa kozi 7 tu, yaani sm 6.7, na usishawishike kuongeza, kwa kuwa ukuta ukirefuka nyumba hupoteza sura yake ya kuinama karibu na ardhi.

Kuta za mawe za nyumba hizi zina unene wa nusu mita au zaidi, na hili ndilo jambo linalosahauliwa mara nyingi. Jenga ukuta wa unene wa vinundu 2, kisha uweke fremu za milango na madirisha upande wa ndani, ili kila dirisha lizame kinundu 1 na kupata kivuli chake. Kivuli hicho hueleza unene wa ukuta kuliko pambo lolote. Madirisha yawe madogo na machache, na juu ya kila moja pawe na linta ya jiwe moja refu, ambayo hupatikana kwa kulaza kigae laini, yaani kibamba kisicho na vinundu, juu ya matofali yenye vinundu ubavuni.

Katika kupanga mawe, changanya matofali ya kinundu 1, 2, 3 na 4 bila kufuata mpangilio unaojirudia, na kati yake chomeka yale yenye michoro ya mawe usoni. Rangi ya mchanga itawale. Rangi ya mchanga iliyokolea na kijivu kisichokolea ziwe chache, na kijani kilichofifia kiwekwe karibu na ardhi tu, mahali ambapo unyevu huotesha kuvu. Pembe za nyumba zipangwe kwa matofali marefu, nadhifu, kama fundi mwashi anavyochagua mawe bora kwa ajili ya kona. Kabla ya kubana kozi mpya, hakikisha kwamba viungo vyake haviangukii juu ya viungo vya kozi ya chini.

Sasa paa lenyewe. Urefu wa mteremko kutoka mgongo hadi ukingo wa ukuta ni sm 10, sawa na vinundu 12 na nusu, kwa hiyo tengeneza mabapa mawili ya vinundu 14 kwa 26, ili paa litokeze kidogo pande zote. Kila bapa liwe na tabaka mbili za vibamba zinazopishana viungo, la sivyo litapinda katikati. Yaunganishe mabapa hayo mgongoni kwa bawaba, kisha yalaze juu ya kuta za pembetatu bila kuyabana, ili paa liweze kuinuliwa na chumba kionekane.

Mapaa ya Cotswolds yana utaratibu wake: mawe makubwa hukaa chini karibu na ukingo, na ukubwa hupungua kadiri unavyopanda. Anza basi na vigae vya vinundu 2 kwa 3 katika safu za chini, endelea na vya 2 kwa 2, kisha 1 kwa 2, na umalizie karibu na mgongo kwa vya 1 kwa 1. Hapa na pale weka kibamba chini ya kigae ili kiinuke mm 3.2, kwani paa la mawe lenye umri wa karne kadhaa haliwezi kunyooka kama meza. Kazi hii ni ya polepole, nami naona ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Dohani hukaa kwenye ukuta wa ubavuni, juu ya meko. Panga matofali 4 ya kinundu 1 kwa 2 yakizungukana, utapata mraba wa 3 kwa 3 wenye tundu katikati. Kozi inayofuata izunguke upande wa pili ili zishikane. Kwa kuwa upana wa nyumba ni shufwa na wa dohani ni witiri, utahitaji vibamba vyenye kinundu kimoja katikati ili kuisogeza mm 4 na kuileta sawa na mgongo. Acha pengo la vinundu 3 kushuka na 4 kwa urefu katika kila bapa, ili paa liinuliwe bila kuigusa dohani.

Bustani haihitaji mengi: njia ya vigae vya kijivu hadi mlangoni, waridi linalotambaa kando ya fremu, na ukuta mfupi wa mawe yasiyotiwa saruji, ambao kozi yake ya juu kabisa husimamishwa wima.